Waliozaliwa Ghalani

Ghalani, Ihanda,
Mbozi, Songwe.

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa dirishani asubuhi hii, ukungu umeshuka mpaka kwenye kizingiti na mikahawa siioni, naipata kwa harufu tu. Miguu yako vipi? Bado inawaka moto jioni ukitoka shamba? Na korosho zimeanza kudondoka, au Kaka Bakari bado anazitazama mtini? Mimi sijambo, mama. Kifua kilinibana wakati wa baridi, sasa kimeachia. Nakula vizuri. Huku wanakula viazi na maharage mpaka nimeanza kuota muhogo wa nazi.

Usishangae kupata karatasi katika zama hizi za simu. Simu yako Hadija anaishika kuliko unavyoishika wewe, na meseji zangu yeye ndiye anayekusomea. Haya nataka uyasome mwenyewe, kwa miwani yako, taratibu, ukiwa peke yako ndani. Nimempa muuguzi mwenzangu anayekwenda likizo Mtwara, naye ameahidi kukunja kona mpaka Nachingwea akukabidhi mkononi. Mpe maji ya kunywa. Ni mtu mwema.

Uliniuliza mara nyingi mahali ninapokaa pakoje, nami nikakujibu kifupi kwamba nimepanga chumba jirani na zahanati. Ni kweli, lakini sikukwambia ni chumba cha nyumba gani. Nyumba yenyewe inaitwa Ghalani. Ukishuka barabarani ukamwambia mwenye bodaboda "Ghalani", hakuulizi zaidi, ila anakutazama tumboni kwanza. Ni nyumba ya wasichana waliopata mimba hawajaolewa. Wanakaa hapa mpaka wajifungue, wapate nguvu, na mtoto achangamke. Mimi nawahudumia zahanatini saa za kazi, na nikirudi tunakaa wote, tunachambua maharage.

Sijui nikuelezeje palivyo. Huku ni kama kuishi ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Asubuhi dunia haipo. Unasikia kuku, unasikia mtoto analia upande fulani, unasikia kwa mbali malori yanapanda kwenda Tunduma kusubiri zamu ya mpaka, lakini huoni kitu. Halafu ukungu unaanza kufunguka polepole, linatokea bati, inatokea nepi kwenye kamba, anatokea msichana amesimama na beseni, kana kwamba mtu anavikumbuka kimojakimoja. Na mwezi huu mikahawa imechanua. Ni maua meupe, mama, matawi mazima, na harufu yake ni kama asumini uliyokuwa unaipanda dirishani kwa baba. Usiku wa kwanza ilipochanua niliota nipo kwetu.

Mwenye nyumba ni Bibi Nambeye. Ni Mnamwanga wa upande wa Tunduma, akaolewa huku kwa Wanyiha wenye kahawa. Ni mzee, anatembea ameinama kama anatafuta sindano, lakini sauti yake bado ni ya mtu aliyefanya biashara mpakani. Akikukaribisha anasema "mwaiseni" kama Wazambia, akikufukuza anasema Kiswahili. Historia ya nyumba hii ameninong'oneza vipande vipande, siku tukianika kahawa, siku tukimwogesha mtoto. Nimeviunga mwenyewe.

Mume wake alikuwa na ghala la kuhifadhia kahawa. Alipofariki, na kahawa ya watu ikawa inapelekwa kwenye chama cha ushirika, ghala likabaki tupu. Msimu mmoja wa mavuno akaja msichana kuomba kibarua cha kuchuma. Jina lake Tusajigwe, mtu wa Ikinga kule Ileje. Alikuwa anauza chakula Tunduma, akapendana na dereva wa lori, na dereva akavuka mpaka akaenda zake. Bibi Nambeye anasema alimwona anachuma kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka chini ya tumbo kama mtu aliyebeba mtungi. Hakumuuliza kitu. Siku moja ya manyunyu ya baridi, katikati ya mistari ya mikahawa, uchungu ukamshika. Wachumaji wakamkokota mpaka ghalani, wakatandika magunia, na hapo hapo akajifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Ambakisye.

"Nilifikiri atakaa siku chache," Bibi aliniambia. "Nikatuma watu Ikinga. Wakajibu hawana binti wa jina hilo."

Basi akakaa. Mavuno yalipokwisha wachumaji wakatawanyika makwao, kila mmoja na habari yake, na habari ikafika mbali kuliko kahawa. Mvua zilipoanza, wasichana wengine wakawa wanakuja. Mmoja alitembea kutoka upande wa Momba akiwa na viatu vya shule. Kanisani watu wakaanza kusema. Mzee wa kanisa akaja kumwona Bibi, akakaa barazani, akakataa uji.

"Mama, unaipa dhambi paa," akamwambia.

"Mzee, paa ni la mvua," Bibi akajibu.

Yule mzee akaondoka amekasirika. Lakini wanawake wa kwaya walikuwa wamesikia, na jioni ile mke wake mwenyewe alikuja na debe la mahindi kichwani, akaliweka mlangoni bila kubisha hodi. Hivyo ndivyo ilivyoanza, mama. Si kwa mkutano. Mmoja alileta maharage, seremala akaleta vitanda vilivyomshinda kuuza, kina mama wakagawana zamu za kupika. Miaka ikapita, ustawi wa jamii wakaja wakaitambua, zahanati ikajengwa karibu. Lakini kuta ni zile zile. Mvua ikinyesha sana zinatoa harufu ya kahawa, na Bibi anasema watoto wa Ghalani wanalala vizuri zaidi siku hizo. Sijui kama ni kweli. Mimi ndiye ninayelala vizuri.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo barua yangu ilipo.

Mtoto Ambakisye hakukaa sana. Mama mzazi wa Tusajigwe alikuja baadaye kutoka Ikinga, kwa siri, akalia, akamchukua mjukuu wake akaenda kusema ni mwanawe yeye wa mwisho. Watu wakakubali, au wakajifanya kukubali. Tusajigwe akavuka kwenda Zambia na wafanyabiashara, akaumwa huko, akafa. Mtoto akakua akijua alikuwa na dada aliyefia Zambia. Alikuwa kijana mwenye ndevu siku walipomzika yule aliyekuwa anamwita mama. Pale kaburini mzee mmoja wa ukoo akasema, "Wajukuu wasogee waweke udongo," akamshika mkono na yeye akamvuta pamoja nao. Kijana akasema, "Mimi ni mtoto, si mjukuu." Watu wote wakatazama chini.

Yule mzee akamweleza yote, naye akapanda gari akaja Ihanda. Bibi Nambeye anasema hakuwa na hasira. Aliomba aonyeshwe pale alipozaliwa, akasimama kwenye kona ile, akaweka kiganja ukutani. Halafu akauliza swali moja tu. "Bibi, dada yangu... mama yangu, alikuwa anacheka namna gani?"

"Nikatafuta kichwani, mwanangu," Bibi aliniambia, akiwa ameshika ungo na amesahau kupepeta. "Nikatafuta sana. Nilimkumbuka akilia. Nilimkumbuka akichuma. Kucheka sikuwa nako."

Ambakisye sasa ananunua mazao Mlowo, na kila msimu analeta maturubai ya kuanikia. Ni mtu mpole. Nikimwona namtazama usoni sana mpaka anaona haya.

Mwezi uliopita alijifungua binti anayeitwa Atupele, mtoto wa Mlowo, kidato cha pili. Nilimzalisha mimi, adhuhuri, ukungu ukiwa ndio umeondoka, jua limeingia mpaka kitandani. Mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi. Atupele alimtazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama anaruhusiwa kumshika. Nikamwambia ni wako. Akasema, "Mama amesema si wangu."

Baada ya siku chache mama yake akaja. Mama, nilikuwa nimesimama uani ninaanika shuka nikaiona bajaji inasimama, na anashuka mwanamke mjamzito, anashika kiuno kama ilivyo desturi ya wajawazito wa miezi ya mwisho. Nikamwendea kumpokea. Akasema yeye ni mama Atupele. Tulipoingia ndani akafunga mlango, akafungua kitenge, na tumbo likatoka lote. Lilikuwa blanketi. Alilikunja vizuri akaliweka mapajani, na jasho linamtoka.

"Majirani wote wanajua nina mimba," akasema. "Tangu Atupele aondoke mimi navaa hili. Leo ninarudi na mtoto, kesho kutwa binti naye anarudi kutoka kwa shangazi yake. Imekwisha."

Alisema imekwisha kwa sauti ndogo sana. Nami nikaona, mama. Sikumwona yeye. Nilikuona wewe umevaa lile gauni la kijani, mnatoka na marehemu baba kwenda shamba la mbali, mimi nimelala chini ya turubai kwenye trekta ili watu wasinione. Na mlivyorudi, Hadija mgongoni mwako, mimi natembea nyuma nimebeba sufuria.

Bibi Nambeye akamsimulia habari ya Ambakisye, kama anavyowasimulia wote. Mama Atupele akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo ni ya huyo kijana. Mimi nina huyu mmoja, nataka asome." Kisha akanigeukia. "Wewe nesi umesoma. Nishauri wewe."

Sikuwahi kulisema mbele ya mtu, mama. Hata chuoni, hata kwa marafiki. Nililisikia linatoka kana kwamba anasema mtu aliyekaa nyuma yangu. Nikasema, "Mimi nina mtoto Nachingwea. Ananiita dada."

Atupele aliacha hata kumbembeleza mtoto.

Mama Atupele akanitazama juu mpaka chini, sare yangu, saa yangu kifuani. "Na umekuwa nesi," akasema.

"Ndiyo, nimekuwa nesi."

"Kwa sababu mama yako alifanya hivi."

"Ndiyo. Wakati wangu ukipata mimba shule ilikuwa ndiyo basi. Angeniacha na mtoto mgongoni, leo nisingekuwa hapa."

"Sasa unalia nini?"

Sikuwa najua kama nalia. Nikamweleza habari ya likizo ile, mama, ambayo na wewe ulikuwepo ila sidhani kama uliona. Hadija alianguka kwenye ngazi ya msikiti akachanika goti. Alikuja anakimbia analia, "Mama, mama." Mimi nilikuwa karibu. Nilishanyanyuka, mikono nimeshainyoosha. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwenye mapaja yako. Na ilikuwa sawa, ndivyo tulivyomfundisha. Nikaenda jikoni kutafuta maji ya kuoshea kidonda.

Nilipomaliza kusema, Bibi Nambeye alikuwa amefumba macho nikadhani amelala. Nje ukungu ulikuwa unarudi, unaingia kidogo kidogo kwa chini ya mlango. Mama Atupele akakaa na lile blanketi lake, analipapasa. Mwishowe akamuuliza binti yake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza, "Wewe unataka nini?"

"Nataka shule," Atupele akasema. "Na nataka awe wangu."

"Vyote viwili?"

"Siku hizi wanaturudisha, mama. Dada nesi ameniambia."

"Nimekuuliza, vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Yule mama akapumua. Akasema, "Nitalea mimi. Maana wewe hujui hata kukaanga yai. Lakini wewe ndiye atakayemwita mama, na siku akiwa mkaidi usije ukaniletea mimi." Akamfunika mjukuu wake kwa lile blanketi. Bibi Nambeye akafumbua macho akasema, "Natotela," ndiyo asante ya kwao, akainuka kwenda kuchochea moto.

Niliwasindikiza mpaka Mlowo siku walipoondoka. Nilitaka kuona. Tuliposhuka penye maduka, mwanamke mmoja anayeuza vitenge akamwona mama Atupele, akamtazama tumbo lilivyokuwa limelala, akamtazama Atupele na mtoto. Akasema kwa furaha, "Jirani, umejifungua lini?"

Mama Atupele alisimama. Akasema, "Aliyejifungua ni Atupele. Mimi nimepata mjukuu."

Maneno yale yalisafiri, mama. Niliyaona yakienda duka hadi duka. Mmoja akageuka akaingia ndani, mwingine akacheka na mwenzake. Yule muuza vitenge akatoka nyuma ya meza yake, akafunua blanketi akamtazama mtoto. "Ana nywele nyingi kama zako," akamwambia mama Atupele. "Karibu nyumbani, bibi." Tukaendelea kutembea. Atupele mtoto hakumpa mtu.

Nilirudi Ihanda peke yangu nimekaa dirishani mwa gari, mikahawa myeupe pande zote, na sikukumbuka njia hata nilipofika.

Mama, sikulaumu. Nataka uisome sentensi hii mara mbili. Ulivaa aibu yangu ukatembea nayo sokoni, na kila kitu nilichonacho kimetoka hapo. Hadija ni mwanao. Wewe ndiye uliyekesha naye akiwa na malaria, wewe ndiye unayejua anaogopa bata. Sitaki kumchukua. Sina pa kumweka hata ningetaka, na huku baridi ingemuua.

Ninachoomba ni tumwambie. Mimi na wewe, pamoja, nikija Idi. Asije akavutwa mkono na mtu makaburini. Yuko darasa la tano, si mtoto mdogo tena. Ninajua unachoogopa, maana nami nakiogopa: atakasirika, atasema tulimdanganya, labda atakuchukia wewe kwa muda na mimi kwa muda mrefu zaidi. Acha akasirike tukiwa hai, mama, apate wa kumkasirikia. Akitaka kuendelea kuniita dada, nitaitika. Nimezoea. Lakini nataka ajue sauti inayoitika ni ya nani.

Ukiona huwezi, niandikie usiwe na haya. Sitakuja kusema nyuma ya mgongo wako. Nitasubiri.

Kaka Bakari msalimie, mwambie atengeneze paa kabla ya masika, aache kuongea. Mama mdogo wa Masasi aliyenipokea niliporudi shule mfikishie shikamoo yangu, mwambie bado nafunga kitambaa kama alivyonifundisha. Mjomba wa dukani mwambie kahawa aliyoagiza nitakuja nayo, ni nzuri kuliko ile ya kopo. Bibi Nambeye anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia, akasema nikuambie kwamba angependa kukuona, mkae wazee wawili, msiseme chochote.

Na Hadija mpe salamu. Za nani, mama, utaamua mwenyewe wakati unampa.

Ni mimi mwanao,
Somoe